Chokaa ya Ukuta wa Mwisho

Mama alipofariki nilikuwa kidato cha pili, na baba alikuwa ametangulia miaka mitatu kabla yake. Matanga yalipoanuliwa, ndugu walikaa uani wakajadili nani achukue mtoto gani. Nilisikiliza mpaka wakafika kwa kitindamimba wetu, binti wa miaka minne, ndipo nikasema hakuna anayechukuliwa. Baba mdogo aliniuliza tutakula nini. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule. Nilikwenda kanisani, kwa sababu nilisikia kwamba Mtaliano anayechora ukuta wa kigango anatafuta mtu wa kubeba maji.

Nilimkuta juu ya jukwaa la miti, mgongo kwangu, shati limejaa madoa mekundu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unajua kubeba ndoo bila kumwaga?"

"Najua."

"Unajua kunyamaza?"

Nikanyamaza. Akageuka kuniangalia, akacheka, akanionyesha ndoo kwa kidole. Siku hiyo nilipanda na kushuka kati ya mfereji na kanisa, na jioni akaniambia nirudi kesho. Nilirudi kesho kwa miaka ishirini na miwili.

Kule kwetu, juu ya Vudee, watu walimwita Mzee tangu alipofika, ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Mimi nilimwita hivyo hivyo. Yeye aliniita mama, kama wanaume wa Upareni wanavyowaita mabinti zao, na alijifunza hivyo kwa kusikiliza tu. Kiswahili chake kilikuwa cha jukwaani: alijua majina ya zana zote na matusi yote ya mafundi, lakini alichelewa sana kujua kuomba chumvi.

Maisha yake niliyapata vipande vipande, nikiwa namkandia mchanga. Alizaliwa kaskazini mwa Italia, kwenye mji mdogo wa tambarare ambao anasema wakati wa baridi ukungu unashuka mpaka huoni mkono wako. Baba yake alikuwa anapaka chokaa mabanda ya ng'ombe. Yeye akapata nafasi katika shule ya sanaa kwenye jiji kubwa, na akiwa bado kijana akapata jina. Picha zake za wakati huo hazikuwa na mtu wala mti. Alichukua turubai kubwa kama mlango wa godauni, akaipaka rangi moja tabaka juu ya tabaka, kisha akaikwangua kwa msumari.

"Na watu walinunua?" nilimuuliza.

"Walinunua. Makumbusho yalinunua."

"Kitu kilichokwanguliwa?"

"Kilichokwanguliwa vizuri, mama."

Baadaye watu wakahamia vitu vingine. Vijana wakawa wanatengeneza sanaa kwa taa za umeme na vyuma, na yule aliyekuwa anamuuzia picha akaacha kupokea simu zake. Mke wake akahamia kwa mwanamume mwingine, mtaa wa pili. Alilisimulia hilo kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka juzi. Ikambidi atafute kazi ya mkono, akaajiriwa kukarabati makanisa ya zamani. Alikuwa anasafisha masizi ya mishumaa ukutani kwa kutumia mkate laini, akiusugua taratibu juu ya uso wa malaika, na siku moja akagundua kwamba aliyemchora malaika yule alikufa karne nyingi zilizopita na rangi iko palepale, wakati picha zake mwenyewe kule makumbusho zilikuwa zimeanza kupasuka. Tangu siku hiyo hakugusa turubai. Padre mmoja wa mji wao, aliyekuwa akihudumu huku milimani, akamwandikia aje achore ukuta mmoja, miezi mitatu tu.

Ukuta ule wa kwanza ndio niliobebea maji. Baada yake zikaja kuta nyingine, kanisani kwingine, kwenye zahanati, kwenye darasa la watoto wadogo. Nikatoka kwenye ndoo nikapewa mwiko. Mwishowe mimi ndiye niliyepiga lipu zote, na yeye akachora.

Ni lazima nieleze kazi yenyewe ilivyo, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Rangi zake zilikuwa udongo tu: mwekundu wa kutoka barabara ya Bendera, wa njano wa kingo za mto, na mkaa. Hakuzichanganya na mafuta wala gundi. Alizisaga na maji matupu akazipaka juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Lipu inapokauka inazimeza zile rangi na kuzifunga ndani, na hapo hata ukiziosha kwa brashi hazitoki. Kwa hiyo kila alfajiri mimi nilipiga lipu kipande kinachotosha kazi ya siku moja, na yeye alipaswa kukimaliza kabla hakijakauka. Kisichomalizwa kinakwanguliwa, kesho kinaanzwa upya.

Siri yote iko kwenye chokaa. Mawe yaliyochomwa yaliletwa na lori kutoka Tanga, tukayamimina kwenye shimo lenye maji, yakachemka kama sufuria ya shetani, kisha yakaachwa. Mwaka mmoja, miwili, mitatu ikiwezekana. Kadiri chokaa inavyokaa chini ya maji ndivyo inavyolainika, mpaka inakuwa kama mtindi mzito. Lakini maji yasitoke juu yake hata siku chache. Hewa ikiigusa inarudi kuwa jiwe, na jiwe hilo halirudi tena kuwa chokaa.

Shimo lilichimbwa pembeni mwa shamba letu kwa sababu mfereji ulipita hapo. Mzee hakuwa na shamba, kwa hiyo hakuwa na zamu ya maji kwenye ndiva. Kwetu bwawa la ndiva ni la watu waliolichimba na wanaotoka kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kulizibua, na kila kaya ina zamu yake ya kufunguliwa maji. Shimo la chokaa lilikunywa kutoka zamu yetu. Miaka mingi halikuwa tatizo.

Kisha ukaja mwaka ambao vuli haikunyesha kabisa na masika ikanyesha siku chache tu. Mzee hakuwepo. Dada yake alikuwa anaumwa kule Italia, akaenda kumuuguza, akamzika, akakaa miezi minne. Aliponiaga alinipa mkono akasema, "Kuna ukuta mmoja umebaki. Ule mkubwa wa kanisa jipya. Nilivyochora kwetu vilikuwa kelele tu. Ukuta huo ndio utakaosema nilikuwa nani. Nitunzie shimo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kamati ya ndiva ikapunguza zamu. Tuliozoea nusu siku tukapewa saa mbili, tena maji yenyewe yanakuja kama ya bomba bovu. Maharage yalikuwa yameshika maua. Siku ya zamu yetu nilisimama kwenye mfereji na jembe, mdogo wangu anayenifuata akiwa upande wa pili. Alikuwa kijana tayari, mwenye njaa na mdomo.

"Leo maji yanakwenda wapi?" akauliza.

"Kidogo shimoni, mengine shambani."

"Dada, unailisha hiyo chokaa kuliko unavyotulisha sisi."

"Ni kazi."

"Itakuja kutupikia makande?"

Kitindamimba alikuwa amekaa kwenye tuta anatusikiliza. Nikaziba njia ya shimoni kwa udongo, maji yote yakaenda kwenye maharage. Nikajiambia kwamba bado kuna maji ya kutosha juu ya chokaa. Zamu ya pili nikafanya vilevile. Zamu ya tatu nikafunika shimo kwa majani ya migomba na mikeka ya zamani na kujidanganya kwamba unyevu utatosha. Maharage tuliyavuna. Hayakuwa mengi, lakini tuliyala.

Nilipofunua shimo, wiki mbili kabla ya Mzee kurudi, juu palikuwa pamepasuka kama kisigino. Nilipiga kwa sururu. Nusu nzima ya juu ilikuwa jiwe. Chini kulikuwa na chokaa nzuri, lakini haikufika hata nusu ya ukuta tuliokusudia.

Chokaa mpya ingehitaji miaka. Kanisa lilikuwa limeshapangiwa siku ya kubarikiwa. Nikapanda gari mpaka Makanya, ambako wanachimba jasi, nikamkuta fundi mmoja anayeichoma na kuisaga kwa kupaka nyumba. Nikamweleza shida yangu bila kutaja ukuta wa nani.

"Changanya nusu kwa nusu," akasema. "Ni nyeupe kuliko hiyo chokaa yako."

"Na haina madhara?"

"Nyumba yangu nimepaka hii. Njoo uone."

Nikaenda nikaona. Nyumba ilikuwa nyeupe, nzuri. Sikufikiri kwamba Makanya ni jangwa, na kwetu ukungu unalala ukutani nusu ya mwaka, na jasi haipatani na unyevu. Nilinunua magunia manne. Kila alfajiri nilikanda mchanganyiko kabla Mzee hajafika, nikalificha gunia chini ya majani.

Ilikuwa ni kumwambia tu. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa hasira za dakika tano. Angepiga ndoo teke, angetukana kwa lugha zake zote mbili, kisha tungekaa tufikiri. Lakini wakati ule niliona jambo moja tu, kwamba akinifukuza tutarudi uani kujadili nani achukue nani. Wadogo zangu walikuwa wakubwa kiasi cha kutogawanywa tena, lakini mimi bado niliogopa uani ule.

Ukuta ule alichora ndiva. Umati wa watu wamesimama kwenye ukingo wa bwawa wanasubiri zamu, wanawake kwa wanaume, Wamaasai wawili na ng'ombe wao wameingia pembeni bila ruhusa, na Yesu yuko katikati ya foleni kama mtu yeyote. Wazee wa kanisa walikuja kukagua, wakazipitia nyuso moja moja.

"Sasa Yesu ni yupi hapa?" mwenyekiti akauliza.

"Aliyevaa raba," Mzee akajibu kutoka juu.

"Wenye raba ni sita."

"Basi mtafuteni. Si ndiyo kazi yenu?"

Mwenyekiti akacheka, wengine wakacheka kwa kuchelewa, ukuta ukakubaliwa.

Lakini jasi inakamata haraka. Kipande ambacho zamani kingempa muda mpaka saa kumi kilikuwa kinaanza kukauka saa sita. Nilimwona akikimbizana nacho, brashi ikikwaruza mahali ilipopaswa kuteleza. Siku ya nne alishuka jukwaani, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Nimekuwa mzito, mama. Uso mmoja, asubuhi nzima."

"Ni joto, Mzee."

"Joto lilikuwepo zamani pia."

Kesho yake nikapiga kipande kidogo zaidi ili akimalize. Aliona. Nilijua ameelewa kwamba nimempunguzia kazi kama unavyompunguzia mgonjwa chakula. Nilikuwa nimesimama pale na mwiko mkononi, ukweli uko kwenye gunia hatua kumi kutoka kwetu, na mimi nikarudi kulainisha lipu. Tuliendelea hivyo wiki tisa.

Kanisa likabarikiwa. Watu walilia kwa kujiona ukutani. Masika iliyofuata ilikuwa nzito, na mwezi wa tano nikaona kwenye mguu wa ukuta kitu cheupe kimechipua kama ukungu wa mkate. Nilikifuta. Kikarudi. Mwaka wa pili kilikuwa kimepanda mpaka kwenye nyuso. Ukipitisha kidole, shavu la mtu linabaki kwenye kidole kama unga.

Mzee alikuja peke yake akauangalia. Nilikuwa mlangoni na fagio. Alikwangua kwa ukucha, akanusa, kisha akaacha kuuangalia ukuta akauangalia mkono wake, mbele na nyuma.

"Nilichelewa," akasema. "Lipu ilikuwa imeshafunga, mimi bado napaka juu. Rangi haikuingia. Jicho halioni tena wakati, na mkono haufiki."

"Pengine si mkono, Mzee. Pengine ni lipu."

Ndivyo nilivyosema, ni hayo tu niliyoweza.

"Lipu ulipiga wewe," akajibu. "Lipu yako naijua."

Jioni ile aliosha brashi zake zote kwa sabuni, akazianika, na hakuzishika tena. Padre aliomba ukuta wa shule, akakataa. Akabaki kupanda kabichi na kukaa barazani. Mimi niliendelea kumpikia, kumfulia, kumpeleka Same kliniki kifua kilipoanza kumsumbua. Wadogo zangu walimaliza shule mmoja baada ya mwingine. Yule mwenye mdomo akawa dereva, kitindamimba akawa mwalimu. Sikuwa na uani wa kuogopa tena, na bado sikusema. Kadiri miaka ilivyopita, kusema kulizidi kuwa kugumu, maana sasa nilikuwa na mambo mawili ya kuungama, jasi na miaka.

Mwaka jana akaja mpwa wake, binti wa yule dada aliyemzika. Kule kwao watu walikuwa wamezikumbuka tena zile turubai zilizokwanguliwa, wanataka kuzionyesha zote mahali pamoja, na mpwa ndiye aliyepewa kazi ya kuandika kitabu cha maisha yake. Alikuja pia kumchukua. Kifua kilikuwa kimefika mahali ambapo madaktari walisema arudi kwao.

Walikaa barazani siku tano, Mzee anasimulia kwa Kiitaliano, mpwa anaandika. Mimi niliwapelekea chai ya tangawizi. Siku ya tano nilisikia anataja ndiva, akainua mkono wake wa kulia, akaushusha. Nikamuuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia mwisho wangu. Kwamba watu wa turubai walinisahau, hilo si kosa langu. Lakini ukuta ule niliuharibu mimi mwenyewe. Andika hivyo, nimemwambia, mchoraji aache kazi kabla kazi haijamwacha."

Nikaweka birika chini. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama: zamu tatu, maharage, sururu, Makanya, magunia manne. Sauti ilikuwa inatoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilipomaliza alikuwa ananiangalia kwa upole ambao sikuutaka.

"Mama," akasema, "una moyo mkubwa sana."

"Si moyo. Nimekwambia nilichofanya."

"Miaka yote ile hukuwahi kuliacha shimo. Siku mama yako mdogo alipofariki ulitoka msibani ukaja kuongeza maji. Nilikuona. Sasa unataka nife nikidhani ni wewe, ili nisife nikidhani ni mimi."

"Twende kanisani uone."

Hakuweza kutembea. Nilikwenda mwenyewe nikakusanya vipande vilivyoanguka, nikarudi navyo kwenye kanga. Akaniambia nilete limao. Akanieleza, na kumweleza mpwa wake, kwamba ndivyo alivyokuwa akikagua kuta za zamani kule kwao: limao au siki ikidondoka juu ya chokaa inatoa povu, ikidondoka juu ya jasi inakaa kimya. Nikakata limao, nikakamulia juu ya kipande.

Kikatoa povu. Kilitoa povu jingi, na sauti ndogo kama ya soda.

"Umeona," akasema. "Chokaa."

"Ni nusu, Mzee. Nusu ni chokaa, ndiyo maana..."

"Jasi haitoi povu."

"Hiyo nusu nyingine ndiyo haitoi. Huwezi kuiona."

Aliinua mkono kuniomba ninyamaze, akazungumza na mpwa wake kwa Kiitaliano, taratibu, akinionyesha mimi kwa kichwa. Yule mpwa akaacha kalamu. Macho yake yalijaa machozi. Akasimama, akanikumbatia kwa nguvu, na mimi nikiwa nimeshika nusu ya limao nikajaribu kumwambia hapana, kwa Kiswahili ambacho hakukijua, na mtu pekee wa kunitafsiria alikuwa ametabasamu, amefumba macho, amechoka.

Niliondoka na wao mpaka uwanja wa ndege kule Kilimanjaro. Njiani nilijaribu mara moja zaidi. Nilimwambia amuulize mdogo wangu, aliyekuwa anaendesha, kwani alikuwepo siku ya kwanza kwenye mfereji.

"Ni kweli, Mzee," mdogo wangu akasema akiangalia barabara. "Mimi ndiye niliyemsema."

"Na wewe pia," Mzee akasema, akampigapiga bega. "Familia nzima ya waongo wazuri."

Alifariki huko kabla ya maonyesho yake kufunguliwa. Kitabu kilinifikia mwezi uliopita, kizito, karatasi za kung'aa. Kitindamimba alishika simu juu ya kurasa za mwisho na simu ikawa inatafsiri, kwa Kiswahili cha ajabu lakini kinachoeleweka. Iliandikwa kwamba katika uzee wake mkono wa mchoraji ulipungua kasi na ukuta wake mkubwa wa mwisho haukudumu, na kwamba msaidizi wake, mwanamke wa kijijini aliyemtumikia kwa uaminifu tangu utoto wake, alimpenda kiasi cha kujitwisha kosa hilo.

Kuna picha yangu pia, nimesimama barazani na kanga.

Kitindamimba alirudia ile sentensi mara mbili, kisha akaniangalia, hajui kwa nini sina furaha.

"Lakini dada," akasema, "si wamekusifu?"

Nikamwambia ndiyo, wamenisifu.